Uzi maalumu: Ethi na viungio vya umeme kwenye magari ya zamani, kupima, kusafisha na kukinga

Waya_Mweusi (Nyakato)

Wakuu, heshima kwenu.

Naleta jambo linalomaliza fedha za wenye magari ya zamani huku Kanda ya Ziwa: ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Gari inazungusha kwa uvivu, mtu ananunua betri. Taa hafifu, anabadili globu. Anawasha indiketa, taa ya nyuma inapepesa nayo, anaambiwa swichi imekufa. Mara nyingi kilichokufa ni hiyo njia ya kurudi.

Magari haya, iwe Land Rover Series, Volkswagen kobe au Datsun 1200, yana waya wa kwenda tu. Kurudi ni kupitia bodi, chesisi na injini. Maana yake kila bolti inayoshika ethi ni sehemu ya waya, na bolti yenye kutu ni waya uliokatika nusu.

Hesabu yake ni nyepesi. Starta inavuta ampea 150 hadi 200. Kiungio chenye ukinzani wa omu 0.01, ambao ni mdogo kweli, kinakula volti 2 kwa ampea 200. Betri ikiwa imeshuka hadi 10.5 wakati wa kupiga starta, starta yenyewe inapata 8.5. Hapo hata betri mpya kutoka dukani haisaidii. Kwenye taa nako, volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30.

Basi pima kabla hujanunua kitu. Mita ya kawaida inatosha, iweke volti za DC, 20.

Chomoa waya mdogo wa koili ili injini isiwake. Kalamu nyeusi ya mita igusishe kichwa cha betri cha hasi, yaani risasi yenyewe, siyo terminali iliyokibana. Kalamu nyekundu igusishe chuma kitupu cha injini, kwa mfano kichwa cha bolti uliyoikwangua. Mwenzako apige starta sekunde tatu. Ikisoma 0.2 au 0.3, njia ni nzima. Ikisoma 0.5 kwenda juu, kuna kiungio kinakula umeme. Sasa sogeza kalamu nyekundu hatua kwa hatua: terminali, lagi (kichwa cha chuma mwishoni mwa waya) ya waya wa betri, chesisi pale bolti ilipofungwa, kisha injini. Pale namba inaporuka ghafla ndipo ugonjwa ulipo.

Taa ni hivyo hivyo. Washa taa kubwa, kalamu moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mguu wa ethi wa globu. Isizidi 0.1.

Spana13

Mkuu umeanza vizuri. Naomba uwaeleze wadau kwa nini usipime kwa omu, maana mafundi wengi wanaweka mita kwenye mlio, ikilia wanasema "ethi iko poa".

Waya_Mweusi (Nyakato)

Mita ikiwa kwenye omu inapitisha umeme kidogo mno. Mkanda wa ethi uliobakiwa na nyuzi mbili za shaba kati ya mia utalia vizuri kabisa, na mita itasoma sifuri. Ukipiga starta, zile nyuzi mbili haziwezi kubeba ampea 150. Ndiyo maana kipimo kinafanyika kitu kikiwa kinafanya kazi: starta inazunguka, taa inawaka, honi inalia. Umeme ukiwa haupiti, hasara ya volti haionekani.

Defender_Baba

Niongezee la mkanda wa injini, kwa sababu wengi hawajui kama upo.

Injini na giaboksi zimekalia mipira. Mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo lazima kuwe na mkanda wa shaba iliyosukwa kutoka kwenye injini au giaboksi kwenda kwenye chesisi. Kwenye Land Rover Series uko chini upande wa giaboksi, unakula matope na oili. Kwenye kobe upo mbele ya giaboksi, unaishika na bodi, na mwingine unatoka kwenye betri chini ya kiti cha nyuma kwenda sakafuni.

Mtu akishusha giaboksi kubadili klachi, mkanda unafunguliwa na mara nyingi haurudi. Gari bado itawaka! Umeme wa starta utatafuta njia nyingine: kebo ya choki, kebo ya mwendo, fimbo za mafuta. Ukiona kebo ya choki inapata moto au ganda lake linatoa moshi wakati wa kupiga starta, usihangaike na choki, lala chini ya gari utafute mkanda.

Unene: waya wa ethi usiwe mwembamba kuliko ule wa chanya unaokwenda kwenye starta, kwa sababu umeme unaopita ni uleule. Kwa injini ya petroli milimita za mraba 35, kwa dizeli ya lita 2.25 weka 50. Na ukitaka kumaliza ubishi kabisa, toa waya mmoja kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye bolti ya starta, mkanda wa zamani uuache palepale.

mama_wa_504

Fundi, na usafishaji? Nimeona watu wanakwangua kidogo kwa bisibisi wanafunga.

Defender_Baba

Hapana dada, kukwangua kwa bisibisi kunaacha mistari miwili ya chuma kitupu, na mvua ya kwanza inaimeza.

Fungua betri kwanza. Anza na terminali inayokwenda kwenye bodi, ndiyo pia iwe ya mwisho kurudishwa. Sababu: ukianza na ile nyingine, spana ikagusa bodi, umepiga shoti ya betri nzima mkononi mwako. Vua na pete pia.

Ule ukungu mweupe au wa kijani kwenye terminali uoshe kwa magadi soda, kijiko kikubwa kimoja kwenye nusu lita ya maji ya vuguvugu. Yatatoa povu, povu likiisha, tindikali imekwisha. Vifuniko vya seli viwe vimefungwa, tone lisiingie ndani ya betri. Suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa.

Pale kwenye chesisi, ondoa rangi na kutu kwa brashi ya waya halafu msasa namba 120, mduara mpana kidogo kuliko lagi, sentimita mbili na nusu hivi. Chuma king'ae. Lagi nayo ing'ae pande zote mbili. Bolti yenye kutu itupe, weka mpya ya M8 iliyopakwa zinki, na nati mpya. Ukishakaza, vuta lagi kwa mkono: isizunguke hata kidogo.

Rangi au grisi ni baada ya kukaza, siyo kabla. Paka juu na pembeni, funika kingo zote za lagi. Watu wanapaka rangi ya kuzuia kutu kwanza halafu wanafunga ethi juu yake, wanashangaa taa haziwaki.

Spana13

Washa ya meno, ile pete ya chuma yenye meno, inakaa wapi? Chini ya lagi au juu?

Defender_Baba

Kwa waya mdogo wa taa au geji, iweke kati ya bodi na lagi, yale meno yanachimba chuma na kushika. Kwa waya mnene wa betri mimi naiweka juu, upande wa nati, ili lagi ilale bapa yote juu ya chuma. Umeme wa starta unataka eneo pana la kugusana, ncha chache za meno hazitoshi.

Waya_Mweusi (Nyakato)

Naunga mkono. Nyongeza ya Land Rover: bodi ni aloi ya alumini, chesisi ni chuma, lagi ni shaba. Alumini na shaba zikikutana penye maji, alumini inaliwa, unakuta unga mweupe chini ya bolti. Kwa hiyo usitegemee madigadi kuwa ethi ya taa kubwa. Peleka waya mweusi wa milimita za mraba 1.5 kutoka kila taa hadi kwenye chesisi, au mmoja wa 2.5 kwa taa zote mbili. Kazi ya saa moja, na taa zinabadilika usiku huohuo.

KobeLaIlemela

Wakuu, grisi gani? Hapa kila mtu ana yake. Wengine vaselini, wengine grisi ya beringi, wengine ile ya rangi ya shaba.

Waya_Mweusi (Nyakato)

Tuanze na kazi ya grisi. Haiwekwi ili ipitishe umeme. Umeme unapita pale chuma kinapogusana na chuma kwa kubanwa. Grisi inajaza nafasi zilizobaki ili maji na hewa visiingie. Ukielewa hilo, ubishi unapungua.

Grisi ya silikoni ndiyo bora kwa soketi za taa, plagi za nyaya na kofia za plagi za injini. Haipitishi umeme, haiyeyuki kirahisi, haili mpira. Tabaka jembamba linatosha.

Vaselini inafaa sana kwenye vichwa vya betri, na ni rahisi kupatikana, hata duka la mtaani. Tatizo lake ni joto: ndani ya boneti karibu na injini inayeyuka na kuchuruzika. Kwa hiyo betri sawa, soketi ya taa kubwa hapana. Mpira nao hauipendi kwa muda mrefu.

Ile ya shaba iache kwenye bolti za ekzosi. Ndani yake kuna chembe za chuma. Ukiijaza kwenye soketi yenye pini nyingi, unatengeneza njia kati ya pini na pini. Juu ya alumini nako ndiyo unaleta shaba mahali ambapo huitaki.

Spana13

Grisi ya beringi kwa nje ya bolti ya chesisi si mbaya kama huna nyingine, ila inakusanya vumbi. Barabara za vumbi ikishakauka inakuwa kama udongo, na udongo unashika maji. Ukiitumia, ifute na upake upya kila baada ya mvua.

Dagaa_Express

Nina swali la pikapu zinazobeba mzigo wa Mwaloni Kirumba. Ziwa letu ni maji baridi, hayana chumvi kama ya Tanga au Dar. Kwa nini taa za nyuma na nyaya za chesisi zinaoza haraka hivi?

Defender_Baba

Maji ya ziwa hayana kosa kubwa, mkuu. Kosa ni mzigo. Sangara wa chumvi, kayabo, anachuruzika maji ya chumvi kwenye sakafu ya pikapu, yanashuka kupitia matundu ya bolti hadi kwenye chesisi na nyuma ya taa. Hayo yanaweza kuwa makali kuliko maji ya bahari. Ukibeba barafu na samaki wabichi, unyevu ni wa kutwa nzima hata bila chumvi.

Baada ya kila mzigo wa chumvi, mwaga maji safi mengi sakafuni na chini ya chesisi, siku hiyohiyo, kabla hayajakauka. Usitumie mashine ya presha kwa karibu kwenye taa, inasukuma maji kupita mpira. Angalia kitundu cha chini cha kila taa, kile cha kutoa maji: kikiziba kwa tope, taa inakuwa bakuli. Mahali waya unapopita kwenye bati pawe na mpira wa tundu, na waya ushuke kwanza chini ya tundu halafu ndiyo upande kuingia, ili maji yadondoke pale kwenye mkunjo yasifuate waya hadi ndani ya taa.

Na usifunge taa za nyuma kwa kutegemea skrubu zake kwenye bodi. Waya wa ethi wa pekee, hadi chesisi, mahali pa juu.

Waya_Mweusi (Nyakato)

Kuna jambo jingine hapo. Maji yenye chumvi yakikaa kwenye kiungio chenye umeme, upande wa chanya ndio unaoliwa. Shaba inageuka kijani na kumomonyoka. Kwa hiyo viungio vinavyokaa na umeme saa 24, hata gari ikiwa imezimwa, ndivyo vya kufungwa kwa uangalifu mkubwa zaidi: waya wa honi, wa taa ya ndani, na nyaya kuu za kutoka betri. Vile vya baada ya swichi vinapumzika gari ikizimwa.

KobeLaIlemela

Rangi za nyaya je? Nimesoma waya wa kahawia ni ethi.

Spana13

Inategemea gari imetoka wapi, na hapa watu wameunguza nyaya.

Gari za Ujerumani kama kobe: kahawia ni ethi, namba 31 kwenye mchoro wa nyaya. Nyekundu ni umeme wa betri wa moja kwa moja, namba 30. Nyeusi mara nyingi ni umeme wa baada ya swichi, namba 15.

Gari za Uingereza zenye umeme wa kampuni ya Lucas kama Land Rover: nyeusi ndiyo ethi, na kahawia ndiyo umeme wa betri wa moja kwa moja, mara nyingi bila fyuzi! Nyeupe ni ya swichi, kijani ni ya swichi iliyopita kwenye fyuzi. Fundi aliyezoea kobe akifunga kahawia ya Land Rover kwenye bodi, nyaya zinawaka moto.

Toyota nyingi: nyeupe yenye mstari mweusi ndiyo ethi.

Usiamini rangi peke yake kwenye gari iliyopita mikononi mwa mafundi wengi. Pima kwanza.

mama_wa_504

Na zile Land Rover za kale ambazo chanya ndiyo iko kwenye bodi?

Defender_Baba

Zipo, Series II na IIA za kabla ya mwaka 1967 hivi. Usafi na vipimo ni vilevile, geuza tu kalamu za mita. Terminali ya kwanza kufunguliwa inakuwa ya chanya, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye bodi. Na usifunge redio ya kisasa wala alteneta ya kawaida kabla gari haijageuzwa. Diodi zinaungua papo hapo. Kabla hujafunga betri yoyote kwenye gari ya umri huo, fuata waya wa bodi kwa macho uone unatoka kichwa kipi.

KobeLaIlemela

Kobe yangu ni ya volti 6. Vipimo vinabadilika?

Waya_Mweusi (Nyakato)

Vinakuwa vikali zaidi. Taa ya wati zilezile kwenye volti 6 inavuta ampea mara mbili, kwa hiyo kiungio kilekile kibovu kinapoteza volti mara mbili, na kinazipoteza kutoka kwenye betri yenye volti nusu. Hasara kwa asilimia inakuwa mara nne. Volti 0.5 iliyopotea kwenye gari ya 12 utaiona kidogo; kwenye 6 taa zinakuwa za njano kama koroboi. Nyaya nazo ziwe nene zaidi, usiweke waya wa betri wa gari ya volti 12.

Fyuzi zake, zile za kauri zenye ncha, ndiyo sehemu ya pili ya kuangalia. Nyeupe ni ampea 8, nyekundu 16. Zitoe moja moja, safisha ncha na vishikio kwa msasa laini, bana vishikio kidogo virudishe nguvu. Kuzungushia karatasi ya sigara ni kuomba moto.

Dagaa_Express

Kuunganisha waya: kulehemu au kubana kwa koleo? Huku wengi wanasokota na kupiga tepu.

Spana13

Kusokota na tepu ni kwa kufika nyumbani tu. Gundi ya tepu inayeyuka kwa jua, tepu inajifungua, unyevu unaingia, shaba inakuwa nyeusi.

Kubana kwa koleo zuri kunatosha, mradi lagi ilingane na waya: nyekundu kwa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, bluu 1.5 hadi 2.5, njano 4 hadi 6. Ukishabana, vuta kwa nguvu. Ikichomoka ni bora ichomoke mkononi kuliko barabarani. Kisha vesha mpira wa kusinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani, uone gundi inatokeza kidogo pande zote mbili.

Kulehemu kunakubalika ukitumia risasi yenye msingi wa utomvu. Ile dawa ya tindikali ya mafundi wa rejeta isiguse waya wa gari, inaendelea kula shaba ndani ya ganda. Risasi ikipanda ndani ya waya, pale inapoishia panakuwa pagumu na ndipo waya unapokatika kwa mtikisiko, kwa hiyo funga waya kwenye kishikio karibu na hapo.

Ukichuna waya ukakuta shaba nyeusi, kata nyuma hadi ing'ae. Ukikata sentimita tano bado nyeusi, badili waya wote.

Waya_Mweusi (Nyakato)

Na silikoni ya kuzibia madirisha msiitumie kwenye viungio. Inayonuka siki inatoa asidi inapokauka, inakula shaba ukiwa umeifungia ndani mwenyewe.

Viunganishi vya Lucas vya risasi (ncha yenye umbo la risasi ya bunduki) na mrija: mrija wa shaba ndani ya mpira mweusi ukilegea hausafishiki ukapona, badili, bei yake ni ndogo. Ukiwa bado unakaza, sokota msasa laini kwenye njiti ya kiberiti, zungusha ndani, pulizia, tia silikoni kidogo, rudisha.

mama_wa_504

La mwisho kwangu: kuna Series III, geji ya mafuta na ya joto zote mbili zinapanda juu kabisa kwa pamoja. Tanki nusu, injini haijapata moto.

Defender_Baba

Zikipanda zote mbili kwa pamoja, viache vipimo vya kwenye tanki na injini. Nyuma ya dashibodi kuna kidhibiti volti, kiboksi kidogo cha bati kinachozipa geji zote mbili volti 10. Kinapata ethi kupitia skrubu inayokishika. Skrubu ikishika kutu, kinashindwa kukata umeme na geji zinapewa volti zote za betri.

Fungua hiyo skrubu, safisha bati chini yake, weka washa ya meno, kaza. Zikibaki juu, ongeza waya mweusi kutoka kwenye skrubu hadi kwenye bolti safi ya ukuta wa injini. Zikiendelea baada ya hapo ndipo ubadili kidhibiti chenyewe.